Gari la Mjomba Lisilotaka Kuinama

"Hivi, dada, mtu mzima anaweza kumwonea wivu ndugu yake wa tumbo moja kwa sababu ya mkia wa gari?"

Hilo aliniuliza jirani yangu Shakuran siku moja tukichambua majani ya haradali uani kwangu. Nikamwambia anaweza, na wala hana haja ya kwenda mbali kumtafuta. Apandishe tu macho ng'ambo ya kichochoro.

Ng'ambo ya kichochoro anakaa Ghazanfar. Nyumba yake na ya mdogo wake Sibtain zamani zilikuwa nyumba moja. Baba yao alipofariki, Mungu amrehemu, wakajenga ukuta katikati ya ua, huyu huku na yule kule, na mama yao Bi Zohra akabaki upande wa mkubwa kama ilivyo desturi. Mimi nikianika pilipili darini naziona nyua zote mbili, nitake nisitake.

Wote wawili ni watu wa pikapu. Msimu wa machungwa wanabeba makreti kutoka mashambani hadi kiwandani, barabara ya Bhalwal. Ghazanfar ni mwembamba, mtu wa sala tano, hana neno baya na mtu. Sibtain ni mnene na mcheshi. Walipompandisha kwenye mizani ya makreti kiwandani kwa utani, mizani ilikwama na mwenye kiwanda akakasirika.

Walipatana vizuri mpaka Sibtain aliponunua pikapu mpya nyeupe.

Hapo Ghazanfar akaacha kuegesha lake karibu na la mdogo wake. Akawa analipeleka kule msikitini. Asubuhi alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, macho kwenye lile jeupe.

"Dada, umeona? Analiosha tena."

"Acha aoshe, Ghazanfar. Usafi ni jambo jema."

"Litaota kutu kwa kuoshwa, utaniambia."

Mke wa Sibtain akileta bakuli la halua ya karoti, Ghazanfar alionja na kusema sukari imezidi, watu wenye gari jipya hawana kipimo. Kisha alilikomba bakuli mpaka likang'aa. Honi ya Sibtain ikilia, yeye alikohoa. Watu wakimsalimia Sibtain kwanza, chakula cha siku hiyo hakikumshuka. Nilimwombea, maana husuda ni moto, nao humla yule anayeubeba.

Lakini kidonda chenyewe kilianzia kwenye harusi ya binti wa kwanza wa dada yao Kaneez.

Kwetu binti akiolewa, ujombani huja na mzigo wao: kitanda, kabati, sanduku la chuma lenye mablanketi ya pamba na vyombo vya shaba. Mjomba mkubwa ndiye anayeubeba, na gari lake ndilo linaloingia la kwanza kijijini kwa binti. Wanawake wa upande wa baba wa binti hupanda juu ya madari na kungoja. Hawaulizi ndani ya sanduku mna nini, na mjomba naye hasemi, kwa sababu kutaja ulichotoa ni aibu kubwa kuliko kutotoa. Wao huangalia mkia wa gari tu. Ukiinama sana, wanasema mashallah, binti ana wajomba.

Siku ile pikapu ya Ghazanfar iliinama mpaka kibao cha namba kikachora vumbi. Kule juu walisema mashallah mpaka wakachoka. Ghazanfar hakuwasikia, maana pale pale kwenye daraja la mfereji, mlangoni mwa kijiji, jani moja la springi, bamba la chuma linalobeba uzito nyuma, lilikatika, paa, na gari likalala upande. Mzigo ukahamishiwa kwa Sibtain, naye akaingia wa kwanza, mkono nje ya dirisha. Tangu siku hiyo watoto wakaita lile jeupe gari la ujombani.

Sasa ikafika zamu ya binti wa pili, Mahrukh. Kaneez alikuja kwa kaka yake, akakaa kwenye kona ya kitanda cha kamba, akasema kwa upole:

"Kaka, safari hii mzigo wote upakiwe kwa Sibtain. Wewe ukae naye mbele, upumzike."

Ghazanfar aliacha kutafuna. Bi Zohra, aliyekuwa amelala na kiko chake, akainua kichwa.

"Mkubwa ni mkubwa. Atapakia yeye. Lakini nisikilize, Ghazanfar. Gari lako likituaibisha tena, mizigo ya wajukuu wangu waliobaki ataibeba Sibtain mpaka mniingize kaburini."

"Halitakatika, Mama."

"Sijasema kukatika. Nimesema kutuaibisha."

Wiki ile nilimwomba Ghazanfar lifti kwenda Bhalwal kununua juzuu za watoto ninaowasomesha Kurani. Kumbe na yeye alikuwa anakwenda gereji, kwa Ustad Yamin. Nikapewa kigoda na chai, nikakaa pembeni.

"Ustad, niongezee nguvu huku nyuma."

Ustad aliingia chini ya gari, akagonga hapa na pale, akatoka na vumbi kwenye ndevu.

"Majani yako yamechoka lakini si maiti. Hilo lililokatika uliliunga vibaya, nitakubadilishia. Halafu nikuwekee koili mbili ndogo, springi za kujiviringa, hizi, moja kila upande, zisimame kati ya ekseli na chesisi. Mzigo ukija zinasaidia, mzigo ukishuka zinapumzika."

Ghazanfar hakuwa anaziangalia hizo. Alikuwa anaangalia chini ya meza, kwenye koili nene kama mkono wa mpiga mieleka.

"Na zile?"

"Zile za basi."

"Gari la Sibtain lina za namna gani?"

"La Sibtain lina majani yake ya kiwandani tu. Hajaongeza kitu."

"Kwa hiyo zile zinamshinda Sibtain."

"Bwana, zile zinalishinda hata gari lenyewe. Halitazibonyeza hata ukipakia msikiti. Na likiwa tupu litakurusha kama punda aliyeumwa na nzi."

"Nifungie hizo."

Ustad akanigeukia mimi. "Dada, sema naye."

"Ghazanfar," nikamwambia, "fundi anasema hizi ndogo zinatosha."

"Dada, wewe umeomba lifti au umeomba ushauri?"

Nikarudi kwenye chai yangu.

Wakachomelea vikombe vya chuma juu na chini ili zile koili zisiruke, wakazikaza, wakateremsha jeki. Gari likabaki mkia juu, pua chini. Ghazanfar alilizunguka, akainama, akalizunguka tena. Sikuwa nimemwona akitabasamu vile tangu gari la Sibtain lilipokwaruzwa na trekta.

Kurudi nyumbani nilisoma dua ya safari kuliko siku zote. Kila shimo lilitupandisha mpaka kilemba chake kikagusa dari, na juzuu zangu zikamwagika miguuni. Kesho yake mkewe Sughran alipeleka maziwa sokoni kwa gari hilo, akarudi kashika kiuno.

"Yaliondoka maziwa," akasema, "yakafika siagi. Hizi springi umemfungia nani, baba watoto? Mimi mifupa yangu ni ya zamani."

"Subiri siku ya mzigo."

Sibtain naye alitokeza kichwa juu ya ukuta.

"Kaka, gari lako linasujudu?"

Nilimkanya kutoka darini, kwamba sijida haitaniwi. Akaomba radhi, lakini anacheka. Ghazanfar akamjibu bila kugeuka:

"Inua kwanza tumbo lako, ndipo uangalie magari ya watu."

Siku ya kupeleka mzigo ilifika, na baridi yake, na ukungu uliochelewa kuondoka. Wakapakia kwa Ghazanfar kitanda cha mti mzito wa shishamu, kabati, sanduku la chuma, cherehani, na magodoro juu. Kila kilipopanda kitu alichuchumaa kutazama nafasi kati ya tairi na bodi.

"Halijashuka hata kidole," akasema. "Hata kidole. Sibtain, njoo uone."

"Nimeona, kaka. Hongera."

Kwa Sibtain yakapakiwa magunia ya mchele na sukari, madebe ya samli, na sisi wanawake juu yake. Lile jeupe likakaa chini vizuri kama mtu aliyeshiba. Bi Zohra akaingizwa mbele kwa Ghazanfar, heshima yake. Tukaondoka, mkubwa mbele.

Kwenye daraja la mfereji, kama ilivyo desturi, msafara ukasimama ili mpiga ngoma ashuke na kijiji kijue wajomba wamefika. Mbele yetu madari yote yalikuwa yamejaa wanawake, mitandio ya rangi zote. Wifi yake Kaneez, dada wa baba yake Mahrukh, ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Akalitazama gari la kwanza, akatazama mkia wake, akapiga kofi:

*Mjomba mkubwa kaja na nini?*
*Sanduku la bati, upepo ndani.*
*Gari kalisimamisha kama jogoo,*
*kitanda cha karatasi, mto wa majani.*

Wote wakacheka, sisi pia. Ujombani kuimbiwa matusi ni sehemu ya harusi, asiyeimbiwa ndiye aone haya. Lakini wimbo ulipokwisha yule wifi hakucheka. Alimgeukia mgeni aliyekaa naye, shangazi wa bwana harusi, akasema kwa sauti ya kawaida, na ukungu ukatuletea kila neno:

"Wameleta vitu vyepesi kweli. Tazama mkia."

Yule shangazi akatazama. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeweka jambo akiba. Nyuma yao nilimwona Kaneez akivuta mtandio kuficha uso. Binti akiingia kwa wakwe na neno kama hilo, huishi nalo mpaka azae, na pengine hata baada ya hapo.

Ghazanfar alikuwa ameshuka. Alichuchumaa nyuma ya gari. Zile koili zilikuwa zimesimama wima, rangi yake haijachubuka hata mahali pamoja, kana kwamba mzigo haujafika.

"Waambie kabati ni shishamu," Sughran akamnong'oneza kutoka huku kwetu juu ya magunia. "Waambie lilibebwa na wanaume sita."

"Nitaje nilichotoa kwa mdomo wangu? Bora nilale mferejini."

Akanyanyuka, macho yake yakatua kwenye gari la mdogo wake. Nimewahi kuona watu wakitazama chakula cha mwenzao, nimeona mwanamke akimtazama mtoto wa jirani hali yeye hana. Namna aliyoyatazama matairi yale ya Sibtain, yalivyojificha ndani ya bodi, sijaiona tena.

"Hata mchele," akasema. "Hata mchele wake unainamisha."

Sibtain alifika, akitweta. "Kaka, tukuhamishie magunia machache?"

"Wanaona kutoka juu. Watasema tumeazima mchele ili kitanda kionekane kizito." Kisha akanyoosha kidole. "Sughran, shuka hapo. Njoo upande huku. Watu wa ujombani kukaa juu ya mzigo wao hakuna anayeweza kutusema."

Sughran akahama, analalamika kwamba mifupa yake inazijua springi zile. Binamu zao wawili wakapanda. Mpiga ngoma akaombwa akae ukingoni apigie pale pale. Ghazanfar akachuchumaa. Lilishuka labda upana wa ukucha. Kule darini yule wifi alikuwa ameanza ubeti mwingine, wa jogoo aliyebeba wapiga ngoma, na sasa watoto waliitikia.

Dirisha la mbele likateremshwa. Bi Zohra akatoa mkono wenye bangili.

"Ghazanfar, inatosha. Sogeza gari pembeni, Sibtain apite mbele. Binti yangu analia kule juu."

Ngoma ikanyamaza. Sibtain alimtazama kaka yake, akamtazama mama, kisha akaanza kurudi kwenye lile jeupe, na kwa sababu ya unene wake alikwenda polepole, changarawe za daraja zikilia chini ya viatu. Alipofika akashika mlango.

Ghazanfar alikuwa akimfuata kwa macho. Hakuwa anatazama gari tena. Alimtazama mgongo ule mpana, mabega, shingo iliyojaa, vitu ambavyo kwa miaka aliviita ulafi. Uso wake ulikunjwa kama wa mtu anayemeza dawa chungu, na nilisikia moyoni mwangu nikisema bismillahi kwa ajili yake.

Akaenda mpaka kwa ndugu yake. Akaweka mkono juu ya mlango, akauzuia usifunguke, na akasema kwa sauti ndogo ambayo sisi tuliokuwa juu ya magunia ndio tuliosikia:

"Mdogo wangu, liache gari lako hapa. Njoo ukae nyuma ya langu, pale mwisho kabisa."