Hildegarda na Pampu za Mtoni

Kwa miaka mingi Hildegarda aliendesha pampu za kumwagilia miwa kule Kidodi, akisimama kando yake na kuzisikiliza. Shamba liliponunuliwa na wawekezaji, zikaja pampu mpya zenye kompyuta ndogo ndani. Kila pampu ilikuwa na ukurasa wake, unaofunguliwa ofisini kama tovuti yoyote. Hildegarda akapewa kiti mbele ya skrini.

Hakutulia. Kila mara aliinuka, akashuka mtoni kuhakikisha.

"Dada Hilda, pampu yenyewe ndiyo inayokuonyesha hali yake," fundi Innocent alimwambia. "Ikizima, utaona."

"Nitaona, lakini siisikii."

Alasiri moja, akiwa ameinamia pampu ya kwanza, ile ya tatu iliyo mwisho wa shamba ikazima. Ukurasa wake uliwaka rangi nyekundu mbele ya kiti kitupu. Aliporudi, mifereji ya upande ule ilikuwa imekauka. Innocent hakumgombeza, na hilo likamuuma zaidi. Hildegarda alibofya kitufe cha kuwasha kwenye skrini. Ukurasa ukageuka kijani bila mngurumo wowote. Akabaki kitini hadi zamu ilipoisha, miguu ikichezacheza chini ya meza.