Mstari Katikati ya Skrini

Shangazi yangu alikuja Bagamoyo kutoka Miono, akakaa kwangu wiki nzima ili tuandike maneno ya Kikwere ambayo wanangu hawayajui. Yeye alisema, mimi nikachapa. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa juu ya meza ya chakula, karibu na mlango wa uani.

Siku ya pili asubuhi, dirisha la programu ya kuandikia likagawanyika. Mstari ulikatiza katikati ya skrini, na orodha yetu ya majina ya vyungu ikaonekana juu, ikaonekana tena chini. Nikadhani nimeinakili kwa bahati mbaya, nikafuta ile ya chini. Ya juu nayo ikatoweka.

"Vyungu vyangu vimekwenda wapi?" shangazi akauliza.

Nilivirudisha. Nikafunga programu na kuifungua upya, mstari haukuwepo. Haikupita robo saa, ukarudi. Nikazima kompyuta, nikawasha. Tulipofika kwenye maneno ya mvua, huo tena.

"Shangazi, hii mashine imeingia virusi. Tutumie daftari tu."

"Subiri, mwanangu. Andika kama ulivyokuwa unaandika, nikutazame mkono."

Nikafunga programu na kuifungua tena ili mstari uondoke, nikaandika. Nilipotaka kurudi mwanzo wa orodha, nikapeleka mshale ukingoni kulia, kwenye ile pau ya kupandisha na kushusha ukurasa.

"Hapo! Umeshika kitu kingine. Kile kijistari cha juu kabisa. Umekivuta, kikashuka."

Kweli, juu ya pau palikuwa na kijistari chembamba ambacho miaka yote sikuwahi kukiona. Nikaushika mstari wa katikati, nikausukuma juu mpaka ukagota. Dirisha likawa moja; kumbe orodha ilikuwa ile ile, ikionekana mara mbili. Nilicheka kwa aibu na furaha, na shangazi akataka ajaribu mwenyewe. Nikampa kipanya. Akaushusha, akaupandisha, akaushusha tena.

"Uache hapo hapo," akasema. "Huku juu niwekee maneno ya jana niyaone, nisirudie. Wewe andika huku chini."

Tulifanya hivyo siku zote zilizobaki. Alivaa miwani yake, akawa anasoma kule juu huku mimi nikichapa. Mara mbili alinikamata nimeandika neno lile lile kwa namna mbili tofauti, na mara zote mbili alinitaka nilitamke vizuri kwanza, ndipo nifute lililokosewa.