Uso wa Bibi Milembe kwenye Bango

Wewe uliyesoma Mwanza wakati sinema ilikuwa kaseti nyeusi nzito kama kipande cha tofali, bila shaka bado unakumbuka harufu ya kibanda cha video: jasho, karanga za kukaanga na vumbi la sakafu iliyomwagiwa maji. Nakumbuka tulivyokaa kwenye mabenchi yale mpaka miguu ikafa ganzi, matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mfukoni, macho kwenye televisheni moja iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao. Umeme ukikatika hakuna aliyeondoka. Tulikaa tukahadithiana mwisho wa picha kila mtu kwa akili yake, na mara nyingi miisho yetu ilikuwa mizuri kuliko ule wa kwenye kaseti.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa, nje kidogo ya Buzuruga. Jumamosi tulipanda milima ya mawe tukaserereka juu ya majabali kwa vipande vya madumu yaliyopasuliwa, tukarudi nyumbani sketi zimetoboka. Mama alikuwa akisema, "Kabula, hilo jabali lina miaka mingi kuliko ukoo wetu, lakini wewe ndiye utakayelimaliza." Kisha ananipa sindano na uzi.

Katika kundi letu alikuwepo kijana mmoja anaitwa Projestus. Familia yao ilitoka Kagera, Walutheri, baba yake mpima ardhi. Shati lake lilipigwa pasi hata siku ya kufyeka majani shuleni. Mjomba wake alikuwa na kamera ya kupigia video za harusi, na jambo hilo peke yake lilitosha kumfanya Projestus mtu mkubwa. Alikuwa akiunganisha vidole vyake kama fremu, anafumba jicho moja, anatutazama kupitia hapo kama mtu anayechagua mbuzi mnadani.

Siku moja akatangaza kwamba tunatengeneza filamu. Hadithi tuliitunga juu ya mawe yenyewe: watoto wanapewa chakula na mchawi, wakila wanageuka mawe, na ndiyo sababu Mwanza ina mawe mengi. Jina likawa *Mawe Yanalia*. Lakini mjomba alitupa kamera kwa Jumamosi mbili tu. Projestus akakata shauri tuanze na kionjo, kipande kifupi cha kuitangaza filamu, watu wakionja watashawishika, nasi tutapata kamera kwa muda mrefu zaidi.

Vijana wa siku hizi, ambao hupiga picha sahani ya chipsi mara kumi kabla hawajaigusa, hawawezi kuelewa tulivyoibeba kamera ile. Tuliifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Betri yake ilidumu muda wa mahubiri mafupi, na ukikosea huna pa kufuta. Watoto walikimbia juu ya mawe, tukasimamisha kamera, tukaweka mawe mahali pao na kuyavisha mashati ya shule, tukawasha tena. Basi, wamegeuka mawe! Tulijiona tumevumbua kitu ambacho dunia ilikuwa ikikisubiri.

Akakosekana mchawi.

"Kabula," Projestus akaniambia, "umeyaona macho ya Bibi Milembe? Yale hayahitaji hata rangi."

Bibi Milembe alikuwa akikaanga mapanki mwanzo wa mtaa wetu. Mapanki ni mifupa ya sangara, vichwa na migongo inayobaki baada ya minofu kuondolewa viwandani, nayo ikikaangwa na mtu anayejua, unamung'unya mpaka unasahau ulikuwa unaelekea wapi. Alikuwa amekaa kwenye moshi ule miaka mingi, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia. Tangu niko darasa la kwanza nilikuwa mteja wake. Nikikosa pesa alinipa kipande na kuniambia, "Kale kwenu, ukirudi unisalimie mama."

Tukaenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Leo vichwa au migongo?"

"Leo tunakutaka wewe, bibi," nikasema. "Tunatengeneza picha ya video."

Aliangua kicheko. "Mimi, na moshi huu? Ngojeni nibadili nguo." Akaingia chumbani kwake, akatoka amevaa kitenge cha kanisani, ameosha uso na kujipaka mafuta. Projestus akatikisa kichwa. Akamwomba avae tena ile kanga yake ya kazini, iliyoungua pindo. Bibi akaivaa, kidogo amepoa.

"Sasa humo ndani mimi ni nani?" akauliza.

Projestus akanitazama. Mimi nikatazama chini.

"Wewe ni bibi tu," nikamwambia.

"Haya. Hilo naliweza."

Tukamwambia ainue kijiko cha kugeuzia samaki, aitazame kamera, asicheke. Alijikaza sana asicheke.

Kionjo tulikiunganisha nyumbani kwa mjomba kwa deki mbili na waya, huku tunachezesha kaseti, tunasimamisha, tunarekodi. Sauti ilikuwa yangu. Projestus alinirudisha mwanzo mara saba kwa sababu ulimi wangu wa Kisukuma ulikuwa ukisema "hivi kalibuni". Mwishowe akachoka, akaiacha hivyohivyo.

Mabango yakawa kazi yangu, maana nilijua kuchora. Nilikata karatasi za manila nikapata kumi na nane. Kila moja nilichora uso wa Bibi Milembe, mistari ya mashavu, kilemba, kijiko juu. Macho niliyapaka rangi ya kucha ya mama, nyekundu, ili yang'ae juani. Chini yake, kwa herufi kubwa, nikaandika maneno niliyoyatunga mwenyewe na kuyaonea fahari: USILE CHAKULA CHAKE. Tulipika gundi ya unga wa ngano. Kumi na moja tukabandika Buzuruga, kuanzia stendi mpaka sokoni. Saba tukaenda nayo Kisesa siku mjomba alipokwenda kupiga video ya harusi, tukayabandika siku ya gulio.

Mzee Lutema, mwenye kibanda cha video, alikubali kuonyesha kionjo kabla ya kila picha. Ule uso ulipotokea, watu walipiga kelele mpaka mabati yakatetemeka. Mimi na Projestus tulikaa benchi la nyuma tukibinyana mikono kwa furaha. Sijui kama nimewahi tena kufurahi namna ile.

Haikupita wiki. Nikitoka shule nikamkuta Bibi Milembe amekaa peke yake. Mapanki yalikuwa yamepangwa kwenye sinia, yamepoa, mafuta yameanza kuganda. Kwa kawaida saa ile ungekuta foleni.

"Kabula," akaniita, "kwani Kwaresima imeanza na mimi sijui?"

Nilijua. Nilijua papo hapo. Nikamjibu kwamba sijui, bibi, nikapita. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko hata mabango.

Jumapili mchana alikuja nyumbani. Mama ndiye aliyekuwa akimsomea barua zake, maana Bibi hakujua kusoma. Mimi nilikuwa jikoni nachambua dagaa, namsikia kila neno. Alikuwa ametoka Kisesa kwa mwanawe, anakokwenda kila mwisho wa wiki kumwona mjukuu wake. Mtoto wa jirani alikuwa na homa siku kadhaa, akaanza kuweweseka. Asubuhi wakakuta karatasi imebandikwa mlangoni kwa mwanawe. Mkwewe alipoisoma, akamnyanyua mtoto wake mapajani mwa bibi yake, akaingia naye ndani na kufunga mlango. Hakuna aliyetaka kumwambia Bibi imeandikwa nini.

"Nisomee, mama Kabula, nimekuja nayo," akasema. "Naona kuna sura. Nadhani ni yangu."

Kisha mama akasoma, polepole, kama mtu anayetembea juu ya miiba. Usile chakula chake. Na chini yake, kwa mkaa, mkono wa mtu mwingine ulikuwa umeongeza: HATA MJINI WANAMJUA.

Wewe wa usukumani huhitaji kuelezwa maneno hayo yana uzito gani kwa mwanamke mzee mwenye macho mekundu, ambayo huku huitwa macho ya mchawi. Wako waliofukuzwa makwao kwa machache kuliko hayo. Wako waliofanyiwa mabaya zaidi.

Nikasikia kitu kinakwaruzwa. Mama alikuwa anakwaruza yale macho kwa ukucha wake. Aliitambua rangi.

"Kabula!"

Nilitoka na mikono ya dagaa. Nikapiga magoti. Sikuweza kusema kitu cha maana, nililia tu na kurudia "nisamehe, bibi", na kueleza kwamba ilikuwa hadithi, mchezo, kwamba mchawi wa kwenye filamu si yeye.

Bibi Milembe aliiokota ile karatasi, akaitazama kwa muda.

"Umenichora vizuri," akasema. "Lakini hii ndiyo sura yangu, mjukuu wangu. Sina nyingine ya kwenda nayo Kisesa."

Mama hakunichapa. Aliniambia maneno ambayo hata leo nikishika simu kutuma kitu huyasikia: "Mkono uliobandika ndio utakaobandua."

Nilimfuata Projestus. Alipoelewa, akakaa chini kwenye vumbi na lile shati lake. Tukachukua ndoo, matambara na visu vya jikoni, tukaanza stendi. Gundi yetu ya ngano ilikuwa imeshika kweli, tukabandua kwa kucha mpaka zikatoa damu. Kila aliyeuliza kwa nini tunabandua tulimwambia ukweli, kwa sababu mama alikuwa amesimama nyuma yetu. Kisesa alikuja pia. Nilisimama gulioni, msichana wa miaka kumi na mitano, nikasema kwa sauti, "Jamani, haya nimeyaandika mimi. Ni uongo. Macho yake ni ya moshi wa mapanki." Wengine walicheka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza nyanya akatikisa kichwa akasema, "Lisemwalo lipo." Nikaona jinsi karatasi ilivyo rahisi kubanduliwa kuliko neno.

Hapo ndipo Projestus alipopata wazo lake bora kuliko yote. Alimlilia mjomba wake, akapewa kamera kwa mara ya mwisho. Tukaenda kwa Bibi na mara hii tukamweleza kila kitu, tukamwuliza kama anataka. Alifikiri, akaingia ndani, akatoka na kitenge chake cha kanisani. Hakuna aliyemwambia avue.

Kionjo cha pili kilikuwa kifupi sana. Bibi anakaanga, anazungumza, anacheka. Mama yangu anakula kichwa cha sangara na kulamba vidole. Kisha Projestus anainama juu ya moto, anapuliza, anapuliza, moshi unamvamia, na anapoinua uso kuitazama kamera macho yake ni mekundu kama pilipili, machozi yanamtiririka. Anauliza, "Na mimi je? Ni mchawi?"

Mzee Lutema alikionyesha kabla ya kila picha kwa mwezi mzima. Siku moja Bibi mwenyewe alikuja, tukamkalisha benchi la mbele. Alipojiona akicheka kwenye televisheni alisema kwa sauti, kibanda kizima kikasikia, "Kumbe meno yangu bado mazima!" Watu walicheka mpaka Mzee Lutema akarudisha kaseti nyuma ili wamwone tena. Kesho yake foleni ilirudi. Si yote, lakini ilirudi.

Yule mtoto wa jirani alipelekwa zahanati, ikaonekana ni malaria, akapona. Mkwe wa Bibi alikuja Buzuruga kuomba radhi, amembeba mtoto mgongoni, na Bibi alimpokea akampa chakula. Mkwe alikula. Lakini Bibi hakwenda tena kulala Kisesa. Ukimwuliza alisema miguu inamsumbua. Mjukuu ndiye aliyeletwa kumwona, kila sikukuu, mpaka Bibi alipofariki mimi nikiwa chuoni.

*Mawe Yanalia* haikutengenezwa kamwe. Mjomba alirekodi harusi juu ya kaseti ile. Projestus siku hizi ni mpima ardhi kama baba yake, ana kitambi, na tukikutana mjini bado hunitazama kupitia vidole vyake. Tunacheka.

Juzi binti yangu Neema, aliye mwaka wa kwanza chuoni, alinionyesha kionjo cha filamu ya darasa lao. Jamani, watoto hawa! Amekipiga kwa simu, amekiunganisha kwa simu, bango amelitengeneza kwa simu akiwa amelala kitandani, miguu ukutani. Hakuna gundi, hakuna kucha kung'oka, hakuna kurudishwa mwanzo mara saba kwa sababu ya "kalibuni". Kizuri kuliko chetu mara mia, nikamwambia hivyo. Kisha nikaona, nyuma ya waigizaji wake, mzee mmoja anafukuzwa dukani huku muziki wa kuchekesha unapigwa.

"Huyu anajua kama yumo?" nikamwuliza.

"Mama nawe! Anaonekana sekunde mbili tu."

"Mfute."

"Nimeshakirusha mtandaoni tangu asubuhi. Hata nikifuta hapa, watu wameshakichukua."

Nikamsimulia habari za Bibi Milembe, kama ninavyokusimulia wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua mtandio wake akaenda kumtafuta yule mzee. Sijui watazungumza nini, na sikumuuliza atampata wapi. Nilibaki nimekaa na simu yake mkononi, nikiona watu wanazidi kukitazama. Enzi zetu tulikuwa na mabango kumi na nane, na tulijua kila ukuta tulipoyabandika. Tuliyabandua yote, moja moja, kwa maji ya ndoo. Na hata hivyo, Bibi hakulala tena Kisesa.