504 ya babu sasa inawaka bila baba

Wakuu, sasa.

Mimi ni wa kusoma tu hapa. Tangu Form Two napita kimya kimya kwa section ya magari ya zamani, sijawahi hata ku-like. Leo naandika kwa sababu nyinyi mlinisaidia bila kujua, na kwa sababu hii kitu nikiiweka kwa diary peke yake naona haitoshi. Yote ni vile ilitokea. Mahali inaniaibisha nimeacha hivyo hivyo.

Tunaishi Lanet, mimi na mathe, mamangu, na kuku wake. Mathe anasupply mayai kwa mahoteli za town mpaka Gilgil. Gari yake ya kazi ni 504 station wagon, rangi ya bluu imefifia kama jeans iliyofuliwa sana. Ilikuwa ya babu, mzazi wa baba, aliyefanya kazi ya reli hapa Nakuru mpaka akastaafu. Babu alipofariki ikawa ya baba. Baba alipohamia Mau Narok ikabaki kwetu.

Hapo kwa "alipohamia" ndio kuna maneno.

Baba anaendesha combine harvester kwa mashamba ya ngano huko juu. Mwanzo alikuwa anarudi kila weekend. Halafu wakakosana na mathe, sijui juu ya nini, mimi huwa siulizi. Hakuna mtu alitangaza kitu. Nguo zake tu zilianza kupungua kwa kabati, mpaka ikabaki overall moja ya kazi, imejaa grease, imening'inia nyuma ya mlango wa store.

Hiyo overall ndiyo nilikuwa naenda kuangalia nikitaka kujua kama bado tuko na baba.

Sasa kwa wale hawajui magari ya zamani, nieleze kidogo. Ndani ya distributor, kile kifaa cha kugawia plug moto, kuna vichuma viwili vidogo vinaitwa points. Vinagusana na kuachana haraka sana, na kila vikiachana plug moja inapata moto. Shida ni kwamba vinaungua na kulika. Nafasi kati yao ikibadilika, timing, yaani wakati wa moto kupiga, inahama, gari inaanza kukohoa, na siku moja inakataa kabisa.

Zetu zilikuwa zinasumbua karibu kila mwezi. Na kila zikisumbua, mathe alikuwa anapiga simu moja tu, na maneno ni yale yale.

"Baba Nekesa, gari yako imekataa."

Gari yako. Hata kama yeye ndiye anaiendesha kila siku.

Jumamosi baba anateremka kutoka Mau. Anavaa ile overall. Anafungua bonnet, anatoa kifuniko cha distributor, anasugua points na kipande cha msasa. Halafu anapima nafasi na karatasi nene ya paketi ya majani chai. Feeler gauge ya kupimia anayo, lakini babu alimfundisha na paketi ya majani, na yeye anasema ya babu haijawahi kumdanganya.

Kwa hivyo lazima aite jikoni, "Mama Nekesa, kuna majani?"

Na mathe anajibu akiwa ndani, "Ya kunywa ama ya gari?"

Kila mara. Hawacheki, hawaangaliani, lakini hakuna siku mmoja alisahau sehemu yake.

Gari ikishawaka inabidi chai ipikwe, kwa sababu paketi imeshakatwa. Baada ya chai anaenda kuijaribu mpaka Mbaruk na kurudi. Akirudi ugali iko mezani, na hakuna mtu anaweza kumwambia mtu aondoke ugali ikiwa mezani. Anaondoka jioni.

Wakuu, nilikuwa naombea hizo points ziharibike. Kanisani kabisa, macho nimefunga. Wengine wanaombea mtihani wa KCSE.

Halafu kulikuwa na ile siku ya mvua.

Mathe alikuwa anatoka Gilgil na gari ikazima kwa kilima cha Mbaruk. Malori nyuma yake yanapiga honi, barabara haionekani. Vijana waliokuwa wamejikinga mvua kando ya barabara wakamsukuma mpaka nje ya lami. Alirudi nyumbani akiwa amelowa, trei za mayai zimevunjika, akakaa jikoni bila kutoa viatu. Nilimpea chai akaishika tu.

Hiyo siku hakumpigia baba. Mimi ndio nilipiga. Kwa simu mimi huwa naishiwa na maneno haraka, kwa hivyo nilisema yote mara moja bila kupumua. Upande wake nilisikia upepo na engine kubwa, halafu akazima engine.

"Hakunipigia?"

"Hapana."

"Sawa, Nekesa."

Kutoka hapo ndio nikaanza kusoma nyuzi zenu usiku na mchana. Wengi mlisema: toa points, weka electronic distributor. Ndani hakuna vichuma vya kugusana, kuna sensor tu. Mmoja wenu aliandika, "Ukishaifunga sahau, timing haihami tena." Nilimsomea mathe hiyo sentensi kwa sauti akiwa anaosha trei.

Akasema, "Hiyo ndiyo nataka. Gari isiyohitaji mtu."

Niliendelea kushika simu lakini sikuwa nasoma tena. Akilini niliona ile overall. Niliona mtu akiitoa kwa msumari na kuifanya kitambaa cha kupangusia.

(Nimerudi. Mathe alikuwa ananiita nifungie kuku.)

Nikapanga kimoyomoyo kwamba sitamkumbusha. Labda asahau. Labda baba akuje na msasa na paketi ya majani maisha iendelee.

Jumamosi nikasikia geti. Ni baba, hajaitwa, na kwapani ana box. Electronic distributor mpya, ya 504, bado iko kwa nailoni.

Mimi nilidhani mathe ndiye angeitumia hiyo kitu kumfukuza baba. Kumbe baba mwenyewe ndiye alikuwa ameitafuta. Alimpea mathe box alishike, kama mtu analeta zawadi na hajui itapokelewa vipi.

Mathe akauliza, "Hii ni ya nini?"

"Ndio usilale barabarani ukiningoja."

"Sikuwa nakungoja."

"Najua," baba akasema. "Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Mathe alirudi ndani. Nikajua imeisha. Lakini alitoka tena, amefunga leso kiunoni, amevaa gumboots za kuku. Akauliza anashika wapi.

Wakuu, kwa wanaotaka kufanya hii kazi: kabla ya kutoa distributor ya zamani, lazima piston ya cylinder namba moja iwe juu kabisa, kwa ile stroke ya kubana hewa. Hatukuwa na vifaa vya garage. Baba alitoa plug ya nyuma kabisa, karibu na dashboard, akaniambia niweke kidole juu ya shimo. Gari ikawekwa gear ya nne. Mathe akaenda nyuma kusukuma pole pole, na baba akabaki anaangalia rotor, ile inayozunguka ndani ya distributor.

"Ikisukuma kidole chako, sema," akaniambia.

"Sukuma!" akamwitia mathe.

"Nasukuma!" mathe akajibu kutoka nyuma. "Miaka yote hii bado unanisukumisha hii gari. Hata harusi ya dada yako niliisukuma na viatu vya kukodi!"

"Ilikuwa battery!"

"Ilikuwa wewe!"

Halafu hewa ikapiga kidole changu, nguvu kama mtu anakataa kufungiwa ndani. Nikapiga kelele "Hapo!" Sijawahi kupiga kelele hivyo, hata jirani alichungulia kwa ukuta. Mathe akasimama, baba akasimama, mimi nimeshika engine na kidole. Tulikuwa watu watatu tumeshikilia gari moja isisonge.

Ningeulizwa, ningesema tukae tu hivyo.

Distributor ya zamani ikatoka, mpya ikaingia. Baba akaniachia nipange wires za plug, kwa sababu nilimwambia nimesoma order hapa, 1-3-4-2. Nikahesabu kuanzia mbele, kwa radiator, kama kila mtu. Plug ya nyuma nilimwona akiifungua lakini sikuuliza ni kwa nini. Nimeshasema siulizi.

Mathe akapiga starter. Gari ikalipuka kwa carburettor, PWAA, kuku wakaruka mpaka juu ya tank ya maji, na mathe akatoka akiwa amejishika kifua.

Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Nekesa, hii gari inahesabu kutoka nyuma. Namba moja iko huku kwa dereva. Inahesabu kama babu yako, alikuwa anaanza hadithi na mahali iliishia."

Mathe pia akacheka. Sauti zao mbili pamoja, nilikuwa nimesahau zinasikika aje.

Tukabadilisha wires. Starter haikumaliza hata mzunguko. Gari iliwaka, ikatulia, ikaanza kunguruma laini kama cherehani. Baba akazungusha distributor kidogo huku na huku akisikiliza na kichwa kimeinama, akakaza bolt.

Halafu akasimama tu. Mikono yake haikuwa na kazi. Paketi ya majani haikukatwa, na hakuna mtu aliitisha majani.

Akapangusa spanner moja moja, polepole, hata ile hakutumia. Akatoa overall. Nilingoja nione anaiweka wapi. Aliikunja, akaishika mkononi kama mtu anaenda nayo.

Ndio akasema, bila kuangalia mtu, "Ikishatembea kidogo nitarudi tuangalie timing."

Wakuu, nyinyi mnajua. Mimi pia najua. Na mathe alijua, kwa sababu mimi mwenyewe nilimsomea: timing haihami tena. Nilimwangalia nikiomba asiseme.

Mathe akachukua overall kwa mkono wa baba. "Hii imechafuka, nitaifua. Na hiyo timing usicheleweshe. Hizi vitu za electronic haziaminiki."

Akaenda nayo ndani. Aliifua kweli, grease haikutoka, akairudisha kwa ule msumari.

Hiyo ni kitambo sasa. Huko Mau ngano imeiva yote wakati mmoja, mvua inatishia, na combine hazilali. Baba hajarudi. Kila asubuhi 504 inawaka mara ya kwanza. Nilikuwa nikisikia inakataa naruka kwa kitanda nikifurahi. Sasa inawaka na mimi nabaki nimelala nikiangalia mabati. Nisiwadanganye, nimewahi kufikiria kuchomoa wire moja ya coil. Halafu nakumbuka mathe na viatu vyake vilivyolowa jikoni, nauacha.

Lakini leo asubuhi mathe alipowasha, hakuondoka. Alitoka, akafungua bonnet, akasimama hapo na kichwa kimeinama, vile vile baba husimama.

"Nekesa, kuja. Husikii kama timing imeanza kupotea?"

Nikasikiliza. Hakukuwa na kitu. Engine ilikuwa safi kabisa.

Nikamwambia, "Hata mimi nasikia."

Akachukua simu, akaenda nyuma ya banda la kuku. Nilisikia tu mwanzo.

"Baba Nekesa. Gari yako."

Kesho ni Jumamosi. Nimenunua majani chai, paketi kubwa, na sijaifungua.

Funzo langu: kama gari yako bado ni ya points na kuna mtu wako anaiendesha kwa mvua, badilisha, usingoje kilima kikufunze. Hesabu cylinder za 504 kutoka nyuma. Na kabla ya kutupa kitu kinachoharibika kila mwezi, angalia ni nani alikuwa anakuja kukitengeneza.

Wenye kujua magari, najua mnataka kunirekebisha hapo kwa timing. Tafadhali, kwa hiyo moja nyamazeni. Lakini kama kuna kitu kingine kwa 504 kinachohitaji mtu mwenye mikono mizuri akiangalie mara kwa mara, hata kama si lazima sana, niandikieni hapa chini. Nitasoma zote.