Sauti ya Nne

Usiniambie ni uzee. Miguu imechoka, lakini kichwa bado kizima, na haya yalinipata mimi mwenyewe, mchungaji mstaafu niliyehubiri miaka yote kwamba wafu hawatembei. Haya, cheka kwanza.

Wakati wa vita vya Kagera nilikuwa mchungaji kijana niliyefuatana na askari. Kazi yangu haikuwa bunduki. Nilisali nao, nikawaandikia barua, nikawazika. Nilikuwa na kwaya ndogo, na sauti ya nne, ile nzito ya chini, aliiongoza Msambaa mwenzangu, Shekiondo. Jeshini tuliitana kwa jina la ukoo. Nyimbo za kanisani alizijua zote kichwani, basi nikamhesabu Mlutheri. Alifia mikononi mwangu. Nikamzika kwa sala zetu, msalaba juu, na barua ya msiba nikaituma kwenye usharika wa Kilutheri huku kwetu, nikiamini watamtafuta mama yake. Nililia sana. Nilimpenda yule kijana.

Mwaka juzi, saa kumi alasiri, nilikuwa natoka shamba la karoti kule Lukozi. Ukungu umeshuka, manyunyu yananyesha. Mlima ukanishinda, nikaketi kando ya njia. Akaja askari kijana.

"Shikamoo, tate," akasema. Ndivyo tunavyomwita baba kwa Kishambaa.

"Marahaba, mwanangu."

Akanipokea kikapu, tukapanda pamoja. Mimi nimelowa chapachapa, lakini magwanda yake yalikuwa makavu, yana vumbi jekundu. Nikamtazama vizuri usoni. Ungefanya nini wewe? Mimi, niamini, nilimkumbatia. Hakuwa na joto wala baridi.

"Shekiondo! Una shida gani, baba?"

"Mimi ni Athumani, tate, wa kijiji cha Mnazi. Nyimbo nilifundishwa shule ya misheni. Nyumbani hawajanisomea hitima. Barua haikuwafikia."

Alinifikisha mlangoni, akatua kikapu. Nilipogeuka kumkaribisha ndani, hayupo.

Siku ya nne nikapanda bodaboda mpaka Mnazi, nikaulizia watu wa Athumani Shekiondo aliyekwenda vitani. Nikapelekwa kwa dada yake, Bi Zaina. Nikamwambia yote, msalaba na barua, nikangoja anifukuze.

Hakunifukuza. "Mama alikataa hitima mpaka anaingia kaburini," akasema. "Alisema aliye hai hasomewi." Kisha akaniuliza, "Alipokata roho, Mchungaji, alikuwa na nani?"

"Alikuwa na mimi. Nilimshika."

Akanishika mkono. "Basi hukumkosea kwa yote."

Ijumaa ikasomwa hitima. Nilivua viatu, nikaketi mkekani pamoja nao, mchungaji mzima, nikalia bila aibu. Athumani sijamwona tena, ingawa namtamani. Na tangu siku hiyo, kanisani sauti ya nne ikianza kuimba, mimi hukaa chini. Waumini wanadhani ni magoti.

Wewe unayenisikiliza, ukoo wetu mmoja una Walutheri, Wakatoliki na Waislamu, nami Msambaa nililijua hilo tangu utoto. Usimkisie mtu dini. Muulize angali hai, hata ukiona haya. Bi Zaina aliniambia mama yao alimwekea Athumani sahani ya pilau kila Idi, miaka yote mpaka alipofariki, kwa sababu mimi sikuuliza.