Sindano Ndefu ya Sponji

"Unakula mtandao wangu, na mimi nakalia ubao mtupu. Hilo tu ndilo ninalosema, shemeji."

Hilo tu alilisema kwa muda mrefu sana. Mama Chapa, kama wateja walivyomwita kwa kazi yake ya kuchapa na kutoa nakala, alikuwa amesimama, mikono kiunoni, mlangoni kwa mdogo wa marehemu mumewe, mshona makochi ambaye mtaa mzima ulimwita Sponji. Makubaliano yao yalikuwa mepesi. Sponji atumie mtandao wa dukani, maana ni ukuta kwa ukuta, naye amshonee shemeji yake upya kiti cha kazi. Kiti chenyewe kilikuwa kimevuliwa nguo tangu mwezi uliopita, kimetupwa pembeni, tumbo wazi.

Sponji akajitetea kwamba sindano yake ndefu imepotea, na kitambaa kigumu vile hakishoneki bila hiyo. Na mtandao hajauonja wiki nzima, simu yake inakataliwa. Mama Chapa akamwambia hizo hadithi akawasimulie makochi.

Hasira haikumjia bure. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo, wanafunzi wamejaa dukani, na kila ukurasa ulizunguka weee kabla ya kufunguka. Wawili walikwisha kuvuka barabara kwenda kwa mpinzani wake, yule anayemchekea mteja hata anapompunja. Wakihama wote leo, mwaka kesho na wadogo zao watapelekwa huko huko.

Fundi wa kampuni ya mtandao, aliyeitwa tangu asubuhi, alipofika dukani, alipima laini akasema ni safi. Mama Chapa akawaka: kama ni safi, basi ampe jina la mwizi, ingawa jina tayari analo. Fundi, mtu mzima asiyebabaika, akasema waiulize rauta yenyewe, kile kisanduku kinachogawa mtandao.

Akaeleza huku vidole vikienda. Ukiandika jina la tovuti, rauta huuliza kwanza seva fulani, kompyuta ya mbali inayotunza majina, hiyo tovuti iko wapi, kama mgeni anavyoulizia nyumba. Anayeulizwa akisuasua, mgeni amekwama, barabara iwe pana namna gani. Hiyo seva ndiyo DNS. Akaiamuru rauta iulize majina kadhaa, ikipima muda wa kila jibu. La kwanza lilichukua sekunde tatu. La pili halikuja kabisa. Akajaribu seva ya kampuni, na majibu yakarudi kabla Mama Chapa hajamaliza kusonya.

"Sasa nani anaula?" akauliza.

"Hakuna anayeula, mama. Humu naona mashine zako tu. Ila rauta inauliza seva iliyopangiwa kiwandani, iko mbali na imechoka. Tulipokufungia tuliweka ya kwetu. Kuna mtu amebonyeza kile kitundu cha nyuma? Ukikibonyeza, inasahau kila kitu."

Mama Chapa akaitupia jicho droo ya meza yake. Wiki iliyopita, kiti kilipomchosha roho, aliamua kumfukuza shemeji yake mtandaoni, na alijua kitundu kile hufuta nywila. Kilitaka kitu chembamba. Sponji alikuwa ametoka, na sindano ilikuwa imechomekwa kwenye godoro pale kwake, inang'aa. Kurasa zilipoanza kuzubaa, akadhani Sponji ameinusa nywila ya kiwandani, ile iliyobandikwa chini ya rauta.

"Watoto hugusa," akasema. Mtoto wake wa mwisho ana ndevu.

Fundi akarekebisha, kurasa zikafunguka, foleni ikaanza kusogea. Mama Chapa hakupoa. Alikichukia kitundu kwa kuwepo kwake, kiwanda kwa kukitoboa, na zaidi ya vyote mkono wake mwenyewe. Mwanafunzi wa mwisho alipolipa na kuondoka, akafungua droo, kisha akaenda mlango wa pili.

Sponji alikuwa anapiga misumari. Akaiona sindano, kisha akamtazama usoni mwenye kuishika.

"Haikupotea," Mama Chapa akasema. "Niliichukua mimi, nikufungie mtandao. Nikajifungia mwenyewe. Nywila mpya ni jina lako, na usinicheke."

Sponji hakucheka, ila mashavu yalimpa kazi. Akatunga uzi, akakivuta kiti.

"Basi shika kitambaa hapo, shemeji. Na mikono niione."

Akashika, huku akilalamika kwamba rangi hiyo hata kaburi lingeikataa.