Mama Alipotoa Upepo Kwenye Tairi

Sisi tuliokulia Ruiri kabla lami haijafika tulijua mambo ya tairi kabla hatujajua kusoma, na nasema hivyo bila aibu. Watoto wa siku hizi wanazaliwa na simu mkononi. Sisi tulizaliwa na tairi kuukuu. Tuliiviringisha kwa vijiti viwili kutoka kisimani hadi dukani. Tulijikunja ndani yake, wenzetu wakatusukuma mteremkoni mpaka tukatapika ucuru wote wa asubuhi, ule uji wa wimbi uliochachuka ambao mama zetu waliuamini kuliko dawa. Tairi ikichakaa kabisa ilikatwa viatu, na viatu hivyo tulivivaa shuleni, shambani na hata kanisani siku ya Krismasi. Hakuna aliyetucheka, maana kila mtu alikuwa navyo.

Juzi hapa Embu, ninakoishi tangu nistaafu ualimu, niliingia kituo cha mafuta karibu na mtaa wa Dallas kuweka upepo. Kijana akaja na mpira wake wa upepo, masikio ameyaziba kwa muziki.

“Mathe, niweke thirty-five zote?”

Hakuwa hata ameangalia gari. Nyuma nilikuwa nimebeba magunia matatu ya viazi. Nikamwambia mbele aweke thelathini, nyuma thelathini na nane.

“Lakini mathe, watu wote hapa huweka thirty-five.”

“Basi wawekee hao watu wote. Hii ni gari yangu.”

Alicheka, akaweka nilivyosema. Nilipoondoka nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba wazee ni wasumbufu. Ni kweli, mimi ni msumbufu. Nimerithi.

Baba alipofariki alituachia nyumba ya mbao, ng'ombe wawili na pikapu moja ya rangi ya kahawia iliyokuwa ikiwaka kwa kusukumwa. Baba zangu wadogo walidhani gari litauzwa, na walikuwa wameshalitafutia mnunuzi. Mwanamke wa Ruiri na usukani, wapi na wapi? Mama alisubiri matanga yaishe, akajifunza kuendesha kwenye uwanja wa mnada siku ambazo mnada haupo, mimi na mdogo wangu Karimi tukikimbia nyuma yake tukipiga kelele. Aligonga uzio mara mbili. Mara ya tatu hakugonga kitu, na wiki chache baadaye akapata leseni.

Shule Mama hakuwa amekanyaga, lakini tairi alizisoma vizuri kuliko fundi yeyote. Kila asubuhi, kabla gari halijasogea, alizizunguka zote nne akizibonyeza kwa kisigino, halafu akaniita nije na geji ya Baba ya kupimia upepo nimsomee namba kwa sauti. Lazima iwe asubuhi. “Gari ikitoka safari tairi ni moto, itakudanganya,” alikuwa akisema. “Pima ikiwa baridi kama pua ya mbwa.” Nikikosea namba alijua, maana kisigino kilikuwa kimeshamwambia. Aliangalia pia alama ambayo tairi imeacha vumbini. Ikikanyaga kwa katikati tu, upepo umezidi. Ikikanyaga kwa kingo tu, umepungua. Mzigo ukiongezeka, upepo wa nyuma unaongezwa. Hayo ndiyo masomo niliyopata kabla ya darasa la nne, na sijayasahau kama nilivyosahau mito mikuu ya dunia.

Mwaka mmoja ushirika wa maziwa ulitafuta gari la kupeleka maziwa Meru mjini. Waliotaka kazi walikuwa wawili, Mama na Kirimi, kijana mwenye lori dogo na maneno mengi. Kwetu ile haikuwa kazi tu. Baba zangu wadogo walikuwa wamesema wazi kwamba Mama akikosa kazi ya maziwa, gari linauzwa mwezi huo huo. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Rukunga, akaamua kila mmoja abebe nusu ya mikebe kwa wiki moja, na maziwa yasiyoharibika ndiyo yataamua. Ilikuwa likizo ya Aprili, mvua ya masika imekolea, na mimi na Karimi tulipanda nyuma tukashikilia mikebe.

Kati ya kwetu na lami kulikuwa na bonde la udongo mweusi. Anayeujua udongo ule anajua ninachosema. Ukikauka unapasuka, ukilowa unameza.

Jumatatu hadi Jumatano tulivuka salama. Alhamisi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na bonde likawa uji. Kirimi alifika kabla yetu, Mzee Rukunga amekaa kando yake ili aone kazi inavyofanywa. Tairi zake alikuwa amezijaza mpaka zikawa jiwe, maana kwetu wanaume waliamini hivyo, na wengi wanaamini hata leo: njia ikiwa mbaya, jaza. Tairi laini ilikuwa fedheha, kama kwenda harusini na shati lililochanika.

Mama akasimamisha gari juu ya bonde. Akashuka, akapiga magoti kwenye tope na gauni lake la kazi, akaanza kutoa upepo. Ssss. Nilikuwa kando yake nikisoma geji. Thelathini. Ishirini na tano.

Kirimi akatoa kichwa dirishani. “Mama Kendi! Umebeba maziwa ya watu na unatoa upepo? Unataka kulala hapa?”

“Soma, Kendi,” Mama akaniambia.

“Ishirini na mbili.”

“Huyu mama ameharibikiwa akili,” Mzee Rukunga akasema, kwa sauti ya kutosha sisi kusikia. Watu waliokuwa wakienda sokoni wakasimama kucheka. Mimi nililia. Nasema ukweli, nililia kwa aibu, nikatamani tungekuwa na baba kama watoto wengine.

“Kumi na nane.”

“Hapo,” Mama akasema, akafunga kifuniko, akahamia tairi nyingine.

Kirimi hakungoja. Aliingia bondeni kwa mbio na tairi zake za jiwe. Zilikata tope kama kisu, zikazama, na kadiri alivyokanyaga mafuta ndivyo alivyojizika. Mama akashuka nyuma yake taratibu, gia ya kwanza, bila kuongeza wala kupunguza mwendo. Tairi zetu zilikuwa zimelala chini, pana, zikikanyaga juu ya tope badala ya kulichimba. Tulimpita kwa upande wa majani. Mzee Rukunga alikuwa ameshuka, tope limemfika magotini, kofia mkononi. Mama hakumwangalia.

Tulipofika kwenye lami akasimamisha tena, maana tairi laini ikikimbizwa na mzigo kwenye lami huchemka na kupasuka. Akatoa pampu ya mguu. Tukapokezana, mimi, Karimi na yeye mwenyewe, tukihesabu kwa Kimeru, miguu inawaka moto. Karimi alikuwa mwepesi mno, ikabidi aruke juu ya pampu kwa miguu yote miwili. Nyuma thelathini na nane, mbele ishirini na nane, tukaenda. Mjini mpimaji alifungua mikebe yetu mmoja mmoja, akanusa, akapokea yote. Maziwa ya Kirimi yalifika jua limepanda, yameganda.

Mnadhani kamati iliona? Jumamosi walikaa, wakampa Kirimi kazi. Mzee Rukunga alisimama mbele ya wanachama akasema kwamba ushirika hauwezi kuaibishwa na gari linalotembea na tairi zimelala, tena mwenye gari ni mwanamke. Mama alijibu, “Nimesikia,” basi. Akarudi nyumbani, akatupikia njahi, yale maharagwe meusi, akaosha matope yaliyokuwa yamekauka kwenye gari. Sikumwona akilia. Nilikuwa na hasira, na mpaka leo nikiikumbuka kamati ile inanipanda upya.

Jumatatu, kabla hatujaamka vizuri, tukasikia vishindo vya mikebe langoni. Akina mama wa Ruiri walikuwa wamepanga foleni kutoka kwetu hadi barabarani. “Hii maziwa ni yetu, si ya kamati,” mmoja wao akasema. “Mama Kendi, peleka na tairi zako vile unataka.” Baba zangu wadogo walipita, wakaona ile foleni, na habari ya mnunuzi hatukuisikia tena. Wiki ya pili Mzee Rukunga mwenyewe alikuja, amebeba mkebe wake, akaenda moja kwa moja hadi mbele kuzungumza na Mama. Mama hakuinua hata macho.

“Foleni inaanzia kule nyuma, Mzee,” akamwambia. Naye akaenda nyuma.

Leo lile bonde lina lami. Nalivuka kwa dakika moja, vioo vimefungwa, na wajukuu wangu hawainui macho kwenye simu zao. Gari lao likipungukiwa na upepo, taa inawaka, nao wananipigia simu kuniuliza ile taa ni ya nini. Nawacheka, halafu nawafundisha, na lazima waje asubuhi. Barabara ni nzuri, sikatai, na sitaki watoto wa mtu wapige pampu kwa miguu tena. Lakini Mama hayupo. Ningeirudisha lami yote hiyo ili nimwone mara moja tena amepiga magoti kwenye tope, watu wakimcheka, na safari hii mimi nisome namba kwa sauti bila kulia.